Farasi wa mtu mwingine wamo shambani mwangu, nifanye nini?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi na mume wangu tunaishi Uingereza. Mwaka jana tulijinyima tukanunua ekari nne za malisho nje ya mji, nia yetu ikiwa ni kulima mboga. Jumamosi iliyopita tulipofika tulikuta mnyororo wa geti umekatwa, kufuli jipya limefungwa, na ndani mna farasi watatu: jike, mtoto wake, na dume kijana. Bwana mmoja alisimamisha gari akasema ni farasi wake, watakaa "wiki mbili tatu tu", kisha akaondoka bila kutupa jina wala namba ya simu. Jirani anatushauri tunyamaze, tusije tukachomewa kibanda. Mume wangu anataka kufungua geti usiku awatoe barabarani. Mimi nawaonea huruma wanyama, lakini shamba ni letu. Tufanye nini bila kuvunja sheria?

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana. Kabla ya yote mwambie mumeo asifungue hilo geti. Namwelewa, hasira yake ni ya haki. Lakini farasi mzima ana kilo 500 hivi, na miguu yake ni mirefu. Gari likimgonga gizani hukata miguu, kiwiliwili chote kikaangukia kioo cha mbele, yaani kwenye vichwa vya watu waliomo. Siku hiyo hakuna atakayeuliza nani alikata mnyororo wenu. Mtakaoulizwa ni nyinyi, mliowatoa. Hali ni hiyo hiyo mkiwasukuma shamba la jirani: mtakuwa mmemfanyia mwenzenu kile mlichofanyiwa, na madai yatawageukia nyinyi.

Ushauri wa jirani nao nauheshimu, kwa kuwa anawajua watu wa pale. Ila kunyamaza kuna gharama yake. Wiki mbili hazimpi mtu haki juu ya ardhi yenu, msihofu. Haki ya kulisha kwa mazoea huchukua miongo kujengeka. Kinachoharibika mapema ni ushahidi. Mkikaa kimya miezi mitatu, yule bwana atasema mlikubaliana kwa mdomo, na itakuwa neno lake dhidi ya lenu.

Sasa maji. Najua umeuliza sheria, lakini nenda leo hii ukaangalie wanakunywa wapi. Farasi mzima hunywa kati ya lita 25 na 50 kwa siku, na jike anayenyonyesha huzidi hapo. Kama mna beseni kuukuu la kuogea linalotumika kama birika, farasi watatu watalimaliza kwa siku mbili, na kukiwa na jua kali hata kabla ya hapo. Pelekeni maji hata kama hamjaamua lolote. Hakuna sheria inayosema ukimnywesha mnyama umemkubali akae.

Ukiwa hapo, waangalie vizuri. Simama ubavuni, usimkaribie farasi kwa nyuma, na usiingie kati ya jike na mtoto wake. Msimu wa baridi manyoya hudanganya macho: farasi huonekana mnene kumbe ni mifupa. Akikubali kuguswa, pitisha kiganja ubavuni. Kwa farasi mwenye hali nzuri utazihisi mbavu chini ya nyama kidogo bila kuziona. Kwa aliyedhoofu vidole vitaingia kati ya ubavu na ubavu kama unapapasa ngazi. Angalia na miguu. Farasi anayesimama akiwa amenyoosha miguu ya mbele mbele yake, uzito wote kaurudisha nyuma kwenye visigino, hajapumzika huyo. Ana laminaitisi, uvimbe ndani ya kwato, ugonjwa wa maumivu makali ambao mara nyingi huletwa na majani mengi mabichi ya majira ya kuchipua. Huyo anahitaji daktari wa wanyama siku hiyo hiyo.

Angalia pua na chini ya taya. Ute mzito wa manjano, uvimbe wa tezi kooni, na joto la mwili lililopita nyuzi 38.5 ni dalili za ugonjwa wa majipu ya koo unaoletwa na bakteria Streptococcus equi. Unaambukiza vibaya sana, na hubebwa na ndoo, kamba, mikono na viatu. Kama jirani ana farasi, mwambieni, tena asiwape farasi wake maji kwenye birika moja na hawa. Nyinyi wenyewe oshani mikono na buti kabla ya kwenda kwenye wanyama wengine.

Na tazameni majani yenyewe. Kuna gugu refu la maua ya njano ambalo Waingereza huliita ragwort. Linaharibu ini la farasi polepole, na dalili zinapoonekana mara nyingi maji yameshamwagika. Likiwa bichi ni chungu na farasi hulikwepa ilimradi ana chakula kingine. Likinyauka uchungu hupungua lakini sumu inabaki. Kwa hiyo wanaoling'oa kwa nia njema na kuliacha chini limelala ndio wanaowalisha sumu. Ukiling'oa, vaa glovu, liweke mfukoni, litoe shambani kabisa.

Kama wamekonda sana, msiwape nafaka wala chakula cha kunenepesha. Mwili uliozoea njaa hupata mshtuko ukilishwa ghafla, na farasi anaweza kufa kwa ukarimu wako. Nyasi kavu safi, kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, huku daktari akiongoza. Kwa farasi wa kawaida, kadiria kilo 8 hadi 10 za nyasi kavu kwa siku kama malisho yameisha.

Nimekawia kwenye mnyama kwa makusudi, kwa sababu sheria itakayowasaidia imefungamana na matunzo yake. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2006 inamwajibisha kila mwenye dhamana ya mnyama, hata ya muda tu. Mkishawashikilia farasi hawa, dhamana hiyo ni yenu mpaka suala liishe.

Sasa tuingie kwenye sheria. Ninaposema Uingereza hapa nina maana ya England peke yake. Wales ina sheria yake ya mwaka 2014, ambayo mamlaka ya kuwachukua farasi imeyaweka mikononi mwa halmashauri: unawaita, unaridhia waingie, wanawachukua, na mwenye mali hupewa siku 7. Scotland nako kuna utaratibu wake. Shamba lenu kama liko England, sheria yenu ni ya kudhibiti farasi ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika tarehe 26 Mei mwaka huo. Mkiongea na polisi au wakili itajeni kwa jina lake la Kiingereza, Control of Horses Act 2015, maana si kila askari wa zamu anaikumbuka. Kazi iliyofanya ni kuingiza vifungu vipya ndani ya Sheria ya Wanyama ya mwaka 1971. Kabla yake mwenye shamba alilazimika kukaa na farasi siku 14, na hata zikipita, njia pekee ilikuwa kumuuza sokoni au kwenye mnada wa hadhara. Wenye kuacha farasi walilijua hilo. Siku ya kumi na tatu waliwahamishia shamba la pili, hesabu ikaanza upya.

Leo mambo ni haya. Farasi akiwa kwenye ardhi bila idhini halali, anayeikalia ardhi hiyo anaweza kumshikilia. Kumshikilia hakuna maana ya kumpeleka popote. Unaweza kumshikilia hapo hapo alipo, ndani ya uzio wako. Tangu dakika ulipomshikilia una saa 24 za kutoa taarifa kwa mkuu wa kituo cha polisi, na kwa mwenye farasi kama unamjua. Usipotoa taarifa, haki ya kumshikilia inakwisha. Ukiitoa, mwenye farasi ana saa 96 za kuja kumdai, kulipa uharibifu na gharama zako za haki. Zikiisha bila yeye kufanya hivyo, umiliki unahamia kwako. Unaweza kumuuza, kumpa mtu, kumtunza, au hata kumwita daktari amlaze usingizi wa milele.

Kabla ya kuanza hesabu hiyo, kaeni na maneno mawili yale: "idhini halali". Ulizeni aliyewauzia shamba, kupitia wakili aliyesimamia mauzo, kama aliwahi kumruhusu mtu kulisha pale, kwa maandishi au kwa mdomo. Kama yule bwana alikuwa akimlipa mwenye shamba wa zamani na hakuna aliyemwambia kuwa shamba limeuzwa, mambo yanabadilika: huenda mkalazimika kumpa notisi ya kuondoka kwanza. Na wasomaji wengine wanaosoma hapa, ninyi mnaotunza farasi za watu kwa malipo kisha mwenye farasi akaacha kulipa na kuzima simu, sheria hii ya 2015 si yenu. Farasi huyo aliingia kwa ruhusa. Kwenu kuna sheria ya mwaka 1977 inayohusu mali ya mtu iliyobaki mikononi mwa mwingine, yenye notisi zake za kuandika na muda mrefu zaidi. Nimeona watu wakizichanganya mbili hizi, wakauza farasi ambaye hawakuwa na haki ya kumuuza.

Kwa mnyororo uliokatwa na kufuli lisilo lenu, sidhani kama kuna idhini, lakini swali hilo ni la simu moja tu. Pigeni simu hiyo.

Halafu chagueni siku ya kuanza. Hapa watu wengi hukosea kwa pupa. Katika zile saa 96, Jumamosi, Jumapili na sikukuu za umma hazihesabiwi. Ukiwashikilia Ijumaa saa 4 asubuhi, muda unaisha Alhamisi inayofuata saa 4 asubuhi, na siku zote hizo mbili za katikati unalisha na kunywesha bila kuhesabiwa. Ukianza Jumatatu saa 4 asubuhi unamaliza Ijumaa saa 4 asubuhi. Kama wanyama hawako hatarini na uzio unawazuia, mimi ningeanza Jumatatu: daktari yuko kazini, wakili yuko kazini, halmashauri iko wazi. Tena angalieni kalenda pasiwe na sikukuu katikati. Zile saa 24 za kuwapa polisi taarifa msizitafutie mapumziko yoyote. Pigeni simu saa ile ile ya kwanza.

Na muandike saa kwa mtindo wao. Saa 4 asubuhi yetu ni 10:00 kwao. Mtu anayefikiri kwa Kiswahili akiwa na wasiwasi huweza kuandika 4:00 kwenye notisi bila kujitambua, na 4:00 yao ni alfajiri. Kosa la saa sita kwenye karatasi inayohesabu saa ni kosa la kweli.

Jumatatu hiyo mwende wawili au watatu, mchana. Piga picha za kila farasi pande zote mbili, uso, kwato, alama nyeupe, makovu. Piga picha za mnyororo uliokatwa, kufuli, majani yaliyoliwa na uzio uliovunjwa. Kisha piga simu polisi kwa namba 101, ambayo ni ya mambo yasiyo ya dharura. Farasi wakitoka barabarani, au mtu akiwatishia, hiyo ni 999. Waambie: tumewashikilia farasi watatu kwa mujibu wa sheria ya 2015, saa fulani, mahali fulani, hawa ndio. Omba namba ya kumbukumbu. Usikate simu bila namba hiyo, na jioni hiyo hiyo tuma maelezo yale yale kwa barua pepe ili kuwe na maandishi.

Nasisitiza namba hiyo kwa sababu imeniuma. Miaka iliyopita nilimsaidia mzee mmoja aliyekuta farasi mmoja asiye wake shambani kwake. Alipiga simu kituoni, akajibiwa kuwa wamesikia, akashukuru, akakata. Mimi sikumuuliza kama alipewa namba. Siku ya sita mwenye farasi alikuja na barua ya wakili akitaka kuona uthibitisho wa taarifa. Hatukuwa na kitu. Hakuna aliyeikumbuka simu ile. Farasi alirudishwa, na gharama za nyasi na daktari zilibaki kwa mzee, ambaye alikuwa ametimiza wajibu wake wote isipokuwa kuudhihirisha. Tangu hapo, kila anayekuja kwangu na jambo hili humuuliza namba kabla sijamuuliza habari za farasi.

Yule bwana mliyemwona nanyi mnapaswa kumpa taarifa, maana kajitaja kuwa ndiye mwenye mali, ingawa kaficha jina. Wekeni notisi getini: tarehe, saa, maelezo ya farasi, kwamba polisi wamearifiwa na namba ya kumbukumbu, na namba ya simu ya kumpigia. Ningeshauri iwe namba ya wakili, au laini mpya msiyoitumia kwa mengine. Msiandike anwani ya nyumbani. Itieni notisi ndani ya mfuko wa plastiki, mdomo ukitazama chini ili mvua isiingie, na mpige picha ikiwa imeshabandikwa, geti lote lionekane. Piga nyingine kila siku mnapokwenda. Notisi za namna hii zina tabia ya kupotea usiku.

Sambamba na hayo mwiteni daktari wa wanyama aje na kisomeo cha chipu. Tangu Oktoba 2020 kila farasi mzima England anatakiwa kuwa na chipu, hata awe mzee. Ni kidude kama punje ya mchele, huwekwa shingoni upande wa kushoto, kwenye ile kano nene iliyo chini ya manyoya ya shingo, katikati ya utosi na mabega. Daktari hupitisha kisomeo taratibu, kikalia, tarakimu 15 zikatokea. Andikeni zote, mzisome kwa sauti mara mbili. Namba hiyo inaweza kuonyesha kama farasi ameripotiwa kuibwa, na hilo si jambo la kupuuza, kwani anayeacha farasi kwenye shamba la mtu wakati mwingine hajawapata kwa halali. Mara nyingi lakini kisomeo hukaa kimya. Farasi wa kuachwa huachwa kwa makusudi bila chipu, ili pasiwe na uzi wa kumfikia mwenyewe. Ukimya huo nao uandikwe na daktari kwenye ripoti yake.

Mwenye farasi akija ndani ya muda, mpokeeni kwa adabu, mkiwa na shahidi, nje ya geti. Mwombeni pasipoti za farasi, yaani hati zao za utambulisho, na mlinganishe na chipu na picha. Mna haki ya kudai gharama za kweli: nyasi, daktari, kufuli, uzio, majani yaliyoharibiwa. Toeni risiti. Msipandishe, msitie faini mliyojitungia wenyewe. Akilipa, mwacheni aondoke na farasi wake na mwandike saa aliyoondoka. Akija na kundi na vitisho, msisimame mbele ya geti kulinda nyasi. Rudini nyuma, pigeni 999, andikeni namba za magari. Kwa hofu aliyowatia jirani, kuna kampuni binafsi zinazofanya kazi hii kwa niaba ya wenye ardhi, kuanzia notisi mpaka kuwahamisha farasi. Zinagharimu, lakini sura inayoonekana getini inakuwa yao, nyinyi hamwonekani. Kwa mtu anayeishi mbali na shamba, au mwenye watoto, naona ni fedha iliyotumika vizuri.

Wengine watawaambia waiteni RSPCA, shirika la hisani la kutetea wanyama, waje wawachukue. Waiteni, ndiyo, kama kuna mnyama anayeteseka: jeraha, njaa, laminaitisi isiyotibiwa. Lakini wao hawachukui farasi mwenye afya kwa sababu tu yuko shamba lisilo lake, na hata anapoteseka, mamlaka ya kumchukua chini ya sheria ya 2006 ni ya polisi au mkaguzi aliyeteuliwa kisheria, daktari wa wanyama akithibitisha. Vituo vya hisani vya farasi navyo hujaa. Ulizeni mapema, wiki hiyo hiyo, msingoje Ijumaa.

Tuseme Ijumaa imefika na hakuna aliyekuja. Farasi ni wenu. Hapa ndipo moyo wako, mwanangu, utakapojaribiwa, maana umeandika kuwa unawaonea huruma. Huwezi kumuuza au kumpa mtu farasi asiye na pasipoti, kwa hiyo hatua ya kwanza ni chipu na pasipoti kwa jina lenu. Pasipoti ya kuchelewa namna hii hutolewa ikiwa na alama kwamba farasi huyo hataliwa na binadamu, maana hakuna anayejua dawa alizowahi kupewa. Muulizeni daktari pia kama jike ana mimba. Dume kijana amekaa naye, hamjui kwa muda gani, na farasi hubeba mimba kama miezi 11. Mnaweza kudhani mna watatu kumbe mna wanne. Dume huyo atenganishwe naye mapema, kwa uzio imara, na mpange ahasiwe. Dume aliyehasiwa na kufundishwa kushikwa kichwani hupata makao kwa urahisi kuliko dume mkali asiyejua kamba.

Mkiweza kuwatafutia makao, fanyeni. Mkitaka kumbakiza jike na mwanawe, ekari nne zinawatosha wawili, ila mboga zenu zitapata sehemu ndogo, na farasi anaishi miaka 25 na zaidi. Hiyo si huruma ya wiki moja. Kama daktari ataona mmoja wao ana maumivu yasiyopona na akashauri alazwe usingizi wa milele, sheria inawaruhusu, na kumwacha aendelee kuteseka kwa kuogopa uamuzi huo ni kumkosea. Mkiuza, hesabu iandikwe: kinachobaki baada ya gharama zenu kinaweza kudaiwa na yule aliyekuwa mwenye farasi, hivyo hifadhini risiti zote pamoja na namba ya polisi na picha za geti. Pigieni simu pia kampuni yenu ya bima tangu siku ya kwanza ya kuwashikilia, mwulize kama madhara watakayosababisha farasi hao kwa watu wengine yanalipiwa na mkataba mlio nao.

Jambo la mwisho ni geti, kwa sababu shamba lililoingiliwa mara moja huingiliwa tena. Mnyororo mnene peke yake hausaidii kama geti lenyewe linaweza kunyanyuliwa. Angalieni bawaba zake. Mageti mengi ya mashambani hukaa juu ya vyuma viwili vilivyochomoza, vyote vikitazama juu, na watu wawili hulinyanyua geti zima na kuliweka pembeni bila kugusa kufuli. Fundi akigeuza chuma cha juu kikatazama chini, halinyanyuliki tena. Ni kazi ya nusu saa. Kufuli lifungwe ndani ya kisanduku cha chuma kinachozuia mkasi wa kukatia mnyororo. Mbele ya geti, palipo na nafasi ya trela kusimama, wekeni gogo kubwa au mawe mawili mazito ndani ya mpaka wenu, yasimzuie mtu barabarani. Farasi hawafiki kwa miguu usiku, huletwa na trela, na trela isipoweza kurudi nyuma hadi getini, mwenye nayo huendelea na safari.